Je, Merikebu ya Nyotani Yaweza Kuwa na Roho?

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka, na nilipolifikiri mara ya pili nikaacha kucheka.

Barazani petu, baada ya sala ya alasiri, hukaa watu wa kila namna. Yuko fundi wa vyombo aliyekwisha kuweka tezo chini kwa uzee, lakini mikono yake ingali na makovu ya kazi. Yuko ustadhi afundishaye watoto chuoni. Na wakati wa likizo huja kijana mmoja, mjukuu wa jirani, asomaye chuo kikuu huko bara, naye hutuletea maneno mapya ya kutafuna pamoja na kahawa. Siku hiyo alikuja na kitabu mkononi, akatuuliza: "Wazee wangu, mwaonaje? Chombo cha kwendea nyotani chaweza kuwa mnyama aliye hai, watu wakakaa ndani ya mwili wake wakasafiri?"

Fundi alikuwa wa kwanza kujibu. "Mjukuu wangu, chombo nikijuacho mimi kina mkuku na mataruma. Chenye moyo na maini, huyo ni ng'ombe."

Watu wakaangua kicheko. Ustadhi hakucheka. Aliteremsha kikombe chake taratibu, akasema: "Basi Nabii Yunus, alayhi ssalaam, alikaa wapi?"

Baraza zima likanyamaza. Kisha mabishano yakaanza, hayakwisha mpaka adhana ya magharibi. Wengine walisema hayo ni mambo ya kufuru, wengine wakasema ni mchezo wa watoto. Mwisho wake nikatwikwa mimi mzigo: "Wewe bwana wa magazeti, nenda katazame, kisha utuandikie." Nimekwenda nikatazama, na haya ndiyo niliyorudi nayo. Nimeyagawa mafungu mawili. La kwanza, je, yawezekana? La pili, na ndilo lililonikosesha usingizi, je, yafaa?

Kabla ya hayo, wacha niweke mpaka mmoja ili nisije nikaeleweka vibaya. Kuna hadithi za kubuni, na kuna habari za Mitume. Samaki wa Nabii Yunus si hadithi ya kubuni. Buraq aliyempeleka Mtume wetu, sala na amani zimshukie, usiku wa Miraji, naye si wa kutiwa katika riwaya. Hapo kalamu yangu naiweka chini kwa adabu. Nitakayoyasema juu ya vyombo vya nyotani ni ya watunzi, watu kama mimi na wewe, watungao ili wafikirishe.

Na watunzi hao hawakuanza jana. Katika karne ya pili ya Miladi aliishi mtu wa Sham, jina lake Lucian, aliyeandika kwa Kiyunani kisa cha mabaharia waliochukuliwa na kimbunga hadi mwezini. Waliporudi baharini wakamezwa na nyangumi mkubwa hata tumboni mwake mlikuwa na msitu na watu wakaao humo. Walitokaje? Waliutia moto ule msitu, nyangumi akafa, nao wakatoka. Sisi nasi tunaye Sindbad katika Alfu Lela Ulela. Katika safari yake ya kwanza mabaharia walishuka juu ya kisiwa, wakawasha moto wa kupikia, kumbe kisiwa ni samaki aliyelala hata mgongo wake ukaota miti. Alipohisi moto, alizama.

Nataka msomaji ayaweke mawili hayo moyoni. Katika visa vyote viwili mwanadamu anamkuta kiumbe mkubwa amchukuaye, na jambo la kwanza afanyalo ni kuwasha moto. Tutarudi hapo.

Katika zama zetu hizi, vyombo vyenye roho vimejaa katika vitabu na sinema za Wamarekani na Waingereza. Mwaka 1953 mwandishi Robert Sheckley alitoa hadithi fupi iitwayo "Specialist". Humo chombo chote ni mkusanyiko wa viumbe: mmoja ni kuta, mmoja ni mtambo, mmoja ni jicho, mmoja ni mwenye kufikiri. Wote wakifanya kazi pamoja, chombo kinakwenda. Siku moja wanapigwa na dhoruba na anakufa mwenzao ambaye kazi yake ni kusukuma. Wanatangatanga kutafuta badali yake, na wanampata katika dunia ngeni. Mnamjua ni nani? Ni mwanadamu. Yaani sisi, kwa hesabu ya hadithi ile, tuliumbwa tuwe kiungo cha chombo, ila tulisahau kazi yetu ndipo tukaanza kugombana.

Mwaka 1987 bibi mmoja wa Marekani, mtu mweusi, Octavia Butler, alitoa riwaya yake iitwayo "Dawn". Humo watu waliosalia baada ya vita vya kuangamiza dunia wamo ndani ya merikebu iliyo hai. Wenyeji wa merikebu hiyo wakigusa ukuta, ukuta huwajua na kuwafungulia. Mwanamke wa kidunia aitwaye Lilith akiugusa, ukuta humkalia kimya, kwa sababu haumjui. Kisha kutoka mwaka 1999 hadi 2003 palikuwa na michezo ya televisheni iliyotengenezwa Australia, jina lake "Farscape", ambamo merikebu yenyewe, Moya, ni kiumbe mwenye mimba, mwenye hofu na mwenye mapenzi. Na mwaka 2015 Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria, alitoa kitabu kidogo kiitwacho "Binti". Msichana wa kabila la Himba, wa kule Namibia, anapanda chombo ambacho ni kiumbe wa jamaa ya kamba wa baharini, kwenda kusoma chuo kikuu katika sayari nyingine. Hicho ndicho kitabu alichokuwa nacho kijana wetu. Nilimwuliza kama jina hilo ni neno letu la Kiswahili. Akacheka, akasema, "Ndiyo maana nilikinunua, mzee."

Sasa tuje kwenye fungu la kwanza. Je, yawezekana?

Tuanze na yale yanayokataza. Juu huko hakuna hewa. Mnyama mwenye mapafu hapati cha kuvuta, na ndege mwenye mbawa hapati cha kupigapiga. Palipo utupu, maji ya mwili hutaka kuchemka hata bila moto. Upande ulioelekea jua huungua, na upande wa kivulini huganda. Kuna miale mikali ipenyayo mwili na kuharibu chembe zake. Tena uko umbali. Nyota iliyo karibu nasi kupita zote baada ya jua letu, iitwayo Proxima, ni mwendo wa miaka 4.2 kwa kasi ya nuru. Chombo cha Voyager 1 kilichorushwa mwaka 1977 hukata kama kilomita 17 kwa kila nukta moja ya saa, na kwa kasi hiyo umbali kama huo kingeuchukulia zaidi ya miaka 70,000. Ni mnyama gani aishiye hivyo? Nyangumi wa bahari ya barafu ya kaskazini, mwenye umri mrefu kupita wanyama wote wenye kunyonyesha, huweza kupita miaka 200. Mibuyu yetu hupita miaka 1,000. Ni umri mkubwa, lakini mbele ya miaka 70,000 ni kama usiku mmoja.

Hapo mtu angesema habari imekwisha. La, haijesha.

Mwenyezi Mungu ameumba viumbe wadogo ambao sisi tuliozoea kutazama wakubwa hatuwajui. Yuko kijidudu wa majini mwenye miguu minane, wataalamu humwita tadigredi, urefu wake hupata milimita moja au pungufu. Maji yakimkaukia, hujikunja akawa kama punje, akangoja. Hawa walipelekwa Septemba 2007. Walitiwa katika chombo cha Warusi, wakawekwa wazi katika utupu wa angani kwa siku 10. Waliporudishwa na kutiwa maji, wako walioamka, na wakataga mayai. Wengi wa wale waliopigwa na miale mikali ya jua moja kwa moja walikufa, lakini utupu na baridi peke yake havikuwashinda.

Wako na bakteria waitwao Deinococcus. Wataalamu wa Kijapani waliwaweka nje ya kituo cha kimataifa cha angani kwa miaka mitatu, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba walikutwa wazima pale walipokuwa wamerundikana kwa unene wa kutosha. Waliokuwa juu walikufa, na maiti zao zikawa ngao ya waliokuwa chini. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kwa muda.

Na kusukuma je? Mvuvi yeyote wa Pwani anamjua ngisi. Hujaza maji mwilini, akayatupa kwa nguvu nyuma, naye akaruka mbele. Hiyo hasa ndiyo kanuni ya roketi: tupa kitu nyuma, uende mbele. Yuko na dudu mmoja wa nchi kavu, jamii ya kombamwiko kwa umbo ingawa si ndugu zao, ambaye ana vifuko viwili vya dawa tumboni. Adui akimjia huzichanganya, zikachemka hata kufikia joto la maji yatokotayo, akazirusha kwa mshindo. Mtambo wa moto ndani ya mwili wa mdudu, naye haungui. Subhana Llah.

Na chakula? Miti hula nuru. Matumbawe yetu humfuga ndani ya mwili wake mwani mdogo sana, naye mwani hutega nuru ya jua, akampa mwenyeji wake riziki. Kiumbe wa angani naye angeweza kutandaza ngozi pana kama tanga na kula nuru hivyo hivyo. Lakini palipo mbali na jua pana njaa. Huko kwenye Mushtari nuru ya jua ni chini ya sehemu moja kwa 25 ya ile tuipatayo sisi. Basi mnyama wa namna hiyo angekuwa wa mwendo wa pole, mwenye subira, mwenye kulala sana.

Tena asingeweza kuondoka duniani kwa nguvu zake. Kuuacha mvuto wa dunia kwataka kasi ya kilomita 11 na ushei kwa nukta moja. Sisi watu wa Pwani hili tumeliona kwa macho. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Wataliana walikuwa na jukwaa lao baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 roketi ilipaa kutoka hapo na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru wake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kutazama nyota zitoazo miale ya eksirei. Kutoka mwaka 1967 hadi 1988 jukwaa lile lilirusha setilaiti tisa. Walioishi kando yake wasimulia mshindo na moshi. Hakuna mwili wa nyama uwezao kuubeba moto ule. Chombo chenye roho kingepasa kizaliwe huko huko juu na kikulie huko, kama papa ambaye hajawahi kuiona nchi kavu. Na kwa kuwa umri hautoshi kufika, kingepasa kizae njiani, mtoto apokee safari ya mama. Ajabu ni kwamba bibi Okorafor ameliona hilo: merikebu yake huzaa.

Basi jawabu langu la fungu la kwanza ni hili. Mnyama mzima awe merikebu ya kutupeleka nyotani, hilo ni la watunzi, na huenda likabaki lao. Lakini chombo chenye viungo vya uhai, hilo limekwisha kuanza kufikiriwa na watu wa kazi. Shirika la NASA la Marekani limegharimia uchunguzi wa nyumba za kuoteshwa kwa nyuzinyuzi za uyoga, ili wasafiri wachukue mbegu nyepesi, wakifika huko nyumba iote yenyewe. Na faida moja fundi wetu aliiona upesi kuliko mimi. Nilipomweleza, aliwaza kidogo, akasema: "Mimi nimekalafati vyombo umri wangu wote. Ubao ukipasuka haujifungi. Mwili ukikatwa hupona wenyewe. Kama kuna chombo kijikalafatiacho, basi huyo aliyekibuni si mjinga."

Kisha akanikumbusha jambo ambalo ni letu. Mkuku ni uti wa mgongo, mataruma ni mbavu. Chombo hupakwa sifa ya papa ili ngozi yake isikauke. Mtepe wa wazee wetu haukuwa na msumari hata mmoja. Ulishonwa kwa kamba za makumbi, ukapigwa na wimbi ukanepa, haukupingana nalo. Na omoni ulitiwa macho mawili. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, lakini wazee waliyoitia macho walikuwa wakisema neno. Na nyumba za mawe za Lamu na Mombasa ni nini? Ni matumbawe, miili ya viumbe wa baharini. Tumelala ndani ya kazi ya wanyama karne kwa karne bila kuwashukuru.

Sasa fungu la pili. Je, yafaa?

Ustadhi wetu kwanza alitaka kujua habari ya sala: kibla kiko wapi tumboni mwa mnyama aendaye mbio angani? Nilimwambia nusu ya swali lake imekwisha kujibiwa. Mwaka 1985 Amiri Sultan bin Salman wa Saudia alikwenda angani katika chombo cha Marekani, naye alikuwa Mwislamu wa kwanza kufika huko. Mwaka 2007, daktari Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokuwa akienda, maulamaa wa nchi yake walitoa mwongozo: aelekee Al-Kaaba akiweza, asipoweza aelekee dunia, na asipoweza kabisa aelekee popote, na nyakati tano zihesabiwe kwa saa za mahali aliporukia. Dini haikushindwa. Ustadhi akaridhika na hilo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza lile la pili, ambalo ndilo kubwa. "Na huyo mnyama, nani alimwomba ruhusa?"

Hapa, wasomaji wangu, sina budi kusimulia habari yangu mwenyewe, ingawa hainipi sifa.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na punda mmoja, na punda yule ndiye aliyekuwa riziki yetu. Alichukua mchanga na saruji kutoka gatini mpaka kwenye majengo. Siku moja baba alikuwa na homa, nikaenda mimi. Tulilipwa kwa mfuko. Baba alikuwa akimpakia mifuko miwili. Mimi nikampakia mitatu, ili nirudi na fedha nyingi mtu anisifu. Safari ya kwanza alikwenda. Ya pili alisimama. Nikampiga. Alinitazama, nayo macho ya punda msomaji unayajua. Nikampiga tena. Akapanda ngazi tatu za gati, ya nne ikamshinda, akaanguka na mzigo wake, mguu ukavunjika.

Baba hakunipiga. Alikuja na homa yake, akakaa chini kando ya punda, akamfungua kamba, akamshika masikio mpaka mambo yakesha. Miezi mingi baada ya hapo alichukua saruji kwa mabega yake mwenyewe. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Maalimu wangu chuoni alipopata habari alinipa hadithi moja, akaniamuru niihifadhi. Ni ile ya ngamia wa Madina. Mtume, sala na amani zimshukie, aliingia katika shamba la mmoja wa Ansari, akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona alilia, machozi yakamtiririka. Mtume akampapasa mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe, akamwonya amche Mungu kwa ajili ya mnyama huyo aliyemilikishwa, kwa kuwa amemshitakia kwamba anamtia njaa na kumchosha. Iko na hadithi nyingine itukatazayo kuifanya migongo ya wanyama kuwa mimbari, yaani kukaa juu yao tukizungumza wakati hatuna safari. Na ile ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia.

Mwenye kusoma Sura ya Az-Zukhruf ataona kwamba Mwenyezi Mungu ametaja merikebu na wanyama kwa pamoja, kwamba vyote ametufanyia tuvipande, kisha akatufundisha dua ya kusema tukishakaa juu yake: kumtakasa yeye aliyetutiishia, na kukiri kwamba sisi wenyewe tusingeviweza. Dua hiyo tunaisoma katika ngalawa, katika basi na katika ndege. Wangapi kati yetu huyasikia maneno yake? Maana yake ni kwamba kipandwacho, kiwe ubao au nyama, ni amana. Hakuna chombo ambacho ni chetu kabisa.

Na katika karne ya nne ya Hijria, kule Basra, wale waandishi wajiitao Ikhwan as-Safa walitunga kisa ambacho naona ndicho babu wa hadithi zote hizi. Wanyama waliwashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Farasi alisema yake, nyuki alisema yake, na wanadamu wakatoa hoja zao: sisi wazuri wa umbo, sisi wenye akili, sisi wajenzi. Kila hoja ilijibiwa ikaanguka. Mwisho hukumu iliwaendea wanadamu, lakini si kwa nguvu zao wala ufundi wao. Ni kwa kuwa miongoni mwao wamo watu wema wa Mungu, na kwa kuwa wao wanangojewa na hesabu ya akhera. Ushindi gani huo? Ni ushindi wa mtu aliyepewa mzigo.

Nilipozitazama tena hadithi za Wamarekani kwa jicho hilo, nikaona kumbe nao wanazunguka pale pale. Moya, merikebu ya "Farscape", alikuwa gereza. Wanajeshi walimvisha ukanda wa kumtiisha, na kisa kinaanza siku ile wafungwa walipomvua. Baada ya hapo hawamwamrishi tena, humwomba. Katika "Star Trek" ya mwaka 1987, kisa cha kwanza kabisa ni cha mji wa ajabu utoao kila kitu mtu atakacho, kumbe mji wote ni kiumbe wa angani aliyejeruhiwa na kutiwa utumwani, na mwenzake amekuja kumtafuta. Mwaka 1990 wakaonyesha kingine: merikebu iliyo hai ambayo watu wake wamekufa zamani, imekwenda kukaa kando ya nyota iliyo karibu kupasuka ili ife nayo, kwa upweke. Mtunzi akitia roho ndani ya chombo, hawezi kuepuka swali la ustadhi. Chuma hakiulizwi. Kilicho hai chaweza kukataa.

Hapo ndipo nilipomwelewa vizuri zaidi Nabii Yunus, na nasema hili kwa adabu. Yeye alipanda vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa cha mbao, kimesheheni, alikichagua mwenyewe kwa kukimbia, na hicho kilimtupa. Cha pili kilikuwa na roho, hakukichagua, na hicho kilimhifadhi kikamfikisha pwani. Lakini humo hakuwa nahodha. Hakuwa na shikio wala tanga wala dira. Samaki hakumtii Yunus, alimtii Mola wake. Kazi ya Yunus ilikuwa moja tu, kukiri kosa na kuomba. Mwenye kukaa tumboni mwa kiumbe ni mgeni, na mgeni hana amri ila adabu. Lucian na mabaharia wa Sindbad walikosa hapo: walikuwa wageni wakawasha moto.

Msidhani haya ni maneno ya nyotani tu. Punda wetu wa Lamu wangali wakibeba mawe na mchanga leo. Miaka hii ya karibuni ngozi zao zilitafutwa kwa biashara ya kupikia dawa ya Kichina, wakachinjwa kwa maelfu, hata Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Addis Ababa wakakubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo. Chombo kilichotubeba karne nyingi tulikuwa tayari kukiuza ngozi. Watu wa namna hii tukipewa merikebu yenye roho, tutaifanyia nini?

Kwa vijana wetu nina neno. Msiwaachie wengine hadithi hizi. Sisi ndio watu tuliotia macho vyombo. Bajuni wa zamani walimfunga kamba chazo mkiani, wakamtoma baharini akawashikie kasa, kisha wakamrudisha majini akiwa hai kwa kazi ya kesho. Hicho nacho ni chombo chenye roho. Muyaka na waliokuja baada yake walitunga mengi juu ya bahari na vyombo vyake. Andikeni na nyinyi, kwa Kiswahili, na mtakapofika nyotani kwa kalamu zenu, mfike na adabu ya kwetu.

Nami kwa kuwa baraza haliniachi bila ya beti, nimewatungia huu:

Chombo chenye roho ndani, si mbao wala si chuma,
Hula, hulala njiani, huumwa kisha huhema,
Nahodha kaa chomboni, uketi nacho kwa wema,
Siku ya kwenda mizani, kitasimama kusema.

Niliusoma barazani jioni iliyofuata. Kijana aliunakili katika daftari lake. Fundi akasema mizani imetimia. Ustadhi hakusema kitu, ila alipoondoka alipita kwa punda wa mchuuzi wa maji aliyekuwa amefungwa juani, akamwambia mwenyewe amhamishie kivulini.

Wallahu aalam.